Mama wa Kwenye Simu

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana kazi yako naijua, ni ya kusimama kutwa, na hii ningependa uisome ukiwa umekaa, viatu umevua na mlango umefunga. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Na yule bibi unayemwogesha asubuhi, yule uliyesema anakuita kwa jina la binti yake, bado yupo au ameshatutangulia? Kama yupo nisalimie, ingawa hanijui. Sisi huku ni wazima. Chiriku mzima, mimi mzima. Mafua yaliyonishika yamekwisha, yamebaki makamasi ya asubuhi tu, na hayo ni ya kazi. Mtu anayeingiza kichwa ndani ya majokofu ya watu kutwa nzima, makamasi ndiyo mshahara wake wa pili.

Najua utashangaa kuona barua. Utasema, Bonge kapatwa na nini, simu si ipo? Simu ipo, dada. Lakini chumba chetu unakijua, kimegawanywa kwa kabati na pazia, na pazia halizuii maneno. Nikiongea nawe mtoto anasikia. Nikitoka nje kuongea, anajua nimetoka ili asisikie, na hilo ni baya zaidi. Tena wewe kwenye simu una haraka. Nikianza tu jambo lenye mkia mrefu, kengele ya mgonjwa inalia huko, unasema tutaongea Jumapili, na Jumapili ikifika lile jambo limeshaota ndevu. Kuna sababu nyingine ya kuandika, nitaifikia. Usicheke mwandiko. Mkono huu umezoea bisibisi.

Kazini ni kule kule, karakana ile ile nyuma ya duka la matairi. Bosi bado ananiita mtaalamu pale anapotaka nibebe kitu kizito. Juzi tuliletewa jokofu la hoteli lililokaa na samaki ndani bila umeme, na aliyelifungua ni mimi. Tangu siku hiyo nikila nafumba macho kwanza. Msusi wa mlango wa tatu anakusalimu sana. Ndiye anayemsuka Chiriku, maana mimi nilijaribu mara moja tu, mtoto akaenda shule nywele zote zimeelekea upande mmoja kama nyasi zilizolaliwa na mbuzi, akarudi amevaa kofia ya mtu.

Sasa niseme la mtoto.

Uliniachia mtoto mwenye maneno. Si ndiyo sababu tukamwita Chiriku? Akitoka shule alikuwa anaanzia mlangoni, hata kiatu hajavua: mwalimu kasema hivi, fulani kapigwa na mpira puani, kesho tunataka karatasi ya manila ya kijani. Na katikati ya kila habari ulikuwamo wewe. Mama anasema huko mvua haina kelele. Mama anasema wazee wa huko wanakula cha usiku jua bado liko juu. Mama anasema akija tutapanda lifti ile ya kioo ya mjini. Mimi nilikuwa nakoroga sukari kwenye chai yangu, naitikia ehe, ehe, na nusu ya maneno sikuyasikia. Laiti ningejua yana mwisho, ningeyasikiliza yote.

Mwanzoni mwa mwaka huu alinyamaza. Hakununa, hakuugua, alinyamaza tu. Ukimuuliza anajibu: ndiyo, hapana, nimeshiba. Kwanza nikasema mtoto amekua, anaingia kwenye usichana, mambo yao hayo. Halafu ukimya ule ukaanza kunitisha. Nyumba ya mtu mmoja ikinyamaza ni kawaida, nimeishi humo miaka mingi, naijua. Nyumba ya watu wawili ikinyamaza, kila mmoja anamsikia mwenzake akitafuna.

Na wewe mwenyewe umeona Jumapili. Ukipiga, mara yuko chooni, mara kaenda dukani, mara kalala. Najua ulifikiri labda mimi namficha. Mimi nilifikiri ana jeuri. Kuna siku nilimgombeza sana, nikamwambia mama yako anajinyima usingizi ili asikie sauti yako, na wewe unajifanya kuwa na tumbo la kuendesha! Alikuwa anaitazama ile simu, mimi hata hakunitazama.

Basi siku moja akaniletea ujumbe kwamba mwalimu wa darasa anataka kumwona mzazi. Ni mwalimu mpya, amelichukua darasa la tano mwaka huu, mdada mwembamba mwenye miwani inayoshuka puani. Nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko lakini grisi ya kwenye kucha unaijua, haina adabu. Alinikaribisha darasani watoto wakiwa wameshatoka, akanionyesha kiti. Dada, vile viti. Goti langu moja lilikuwa karibu na sikio. Nilikaa pale kama ng'ombe aliyepanda baiskeli, naogopa hata kukohoa nisije nikavunja mali ya shule.

Mwalimu akasema Chiriku hanyooshi mkono. Akiulizwa anasimama, anatazama chini, anangoja aambiwe keti. Kazi za kikundi anakaa pembeni, wenzake wanagawana maneno, yeye anagawiwa kukata karatasi. Kazi za nyumbani haleti. Lakini mtihani wa kuandika akipewa, anapata vizuri tu. Akasema ndiyo maana imenitatiza, maana angekuwa hajui ningemfundisha, ila huyu anajua na amejifungia. Akaniuliza nyumbani nani anamsaidia kazi za shule. Nikajibu kwa ukweli kwamba mimi kazi yangu ni kuhakikisha madaftari yote yameingia kwenye begi. Akacheka kidogo. Kisha akashusha sauti, akaniambia pole kwa yaliyowapata. Nikamjibu asante mwalimu, tumeshazoea. Akauliza kama mtoto alipata nafasi ya kuagana na mama yake. Nikasema ndiyo, waliagana vizuri, alilia kidogo tu siku ile. Miwani ikamshuka, akaivua, akaipangusa muda mrefu. Nikasema moyoni, mwalimu huyu ana huruma ya ajabu, mtu kusafiri tu kwenda kazini anataka kulia!

Nikiwa njiani kurudi nilikukumbuka wewe. Unakumbuka ulivyokuwa unakuja shuleni kwangu? Mama yuko kazini, baba sijui yuko wapi, na mkutano wa wazazi haumngoji mtu. Ukawa unajifunga kile kitambaa cha mama kichwani ili uonekane mkubwa, unakaa mstari wa nyuma na wamama wenye vitambi, na mwalimu akisoma jina langu unasema nipo kwa niaba yake. Ulikuwa na miaka mingapi? Hata matiti ulikuwa huna. Nilikuwa naona haya, nasema dada ananiaibisha. Lakini nikikuona pale nyuma nilikuwa nanyoosha mkono hata kwa swali nisilolijua.

Kwa hiyo nikasema, Bonge, na wewe kaa mstari wa nyuma.

Mwalimu alinielekeza kitu chepesi. Kila jioni nikae na mtoto, redio nizime, nimwombe anisomee, halafu nimuulize swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana. Ni chepesi kwa kusema. Jioni ya kwanza alisoma kama karani wa mahakama, mimi nikasinzia. Jioni nyingine nikamuuliza leo umejifunza nini, akasema sehemu. Sehemu za nini? Sehemu tu. Akanionyesha, zile namba zinazopandiana, moja juu ya nyingine. Nikasema hizi nazijua, nikajumlisha ya juu na ya juu, ya chini na ya chini, nikaweka kalamu chini kwa majivuno. Akaitazama kazi yangu. Akasema, "Mjomba, hivi ndivyo unavyotengeneza na majokofu ya watu?"

Dada, nilicheka mpaka msusi akagonga ukuta. Na yeye akacheka, kidogo, mdomo umefumbwa. Tangu hapo tukapata kakitu chetu. Yeye anafundisha, mimi nakosea. Mengine nilikosea kwa makusudi, mengine, Mungu anisamehe, sikuhitaji makusudi. Kazi za nyumbani zikaanza kufika shuleni. Mkono ulikuwa bado haunyooki, mwalimu aliniambia, lakini daftari lilikuwa linasema.

Shule yao ina utaratibu mpya. Kila Ijumaa mzazi mmoja anakuja darasani kueleza kazi yake. Mwalimu anasema mtoto akimwona mtu wake anaingia darasani, na yeye anaingia kwa moyo, si kwa miguu tu. Wazazi wengi wanaahidi, hawatokei. Aliyetakiwa wiki ile, dereva wa lori, alitoa udhuru, mwalimu akaniomba mimi. Nilimuuliza Chiriku kama nije. Alifikiri mpaka chai ikapoa. Akasema, "Vaa lile shati la buluu." Nililipiga pasi mara mbili.

Nilikwenda na jokofu dogo juu ya mkokoteni, lile la bosi la kuwekea soda, nyuma nimelifungua kabisa ili waone matumbo yake. Nilikuwa natetemeka kuliko siku niliyoshikwa na umeme. Lakini watoto wale! Walilizunguka kama wamekutana na tembo. Nikawaambia hili dude halitengenezi baridi, linachukua joto lililo ndani na kulitupa nje, ndiyo maana mgongo wake una moto. Wakapanga foleni kuugusa mgongo. Mmoja akataka kujua kama taa ya ndani inazimika kweli mlango ukifungwa au inatudanganya. Nikamwonyesha kile kitufe, akakibonyeza mwenyewe, taa ikazimika, darasa zima likapiga kelele utadhani goli limeingia. Nikatupa jicho dirishani, ndipo anapokaa mwanao. Alikuwa ameegemeza kidevu kwenye mikono, na nilimwona akimnong'oneza jirani yake kitu, wote wawili wakatazama shati langu. Nilijiona mtu, dada.

Ndipo mtoto mmoja wa mbele, mwenye mapengo, akanyoosha mkono. Mwalimu akampa ruhusa. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, vile vile alivyouliza mwenzake habari ya taa:

"Wewe ndiye unayekaa na Chiriku tangu mama yake afe?"

Niliyasikia maneno yote lakini hayakuingia. Nilidhani anamsema mtoto mwingine. Mwalimu akainuka haraka, akasema maswali ya majokofu tu, jamani. Nikamtazama Chiriku. Hakulia, hakutikisa kichwa. Macho makavu, viganja vyote viwili amevikandamiza juu ya meza kama mtu anayezuia karatasi zisipeperuke. Ananitazama. Pale pale nikaielewa ile pole ya mwalimu, na kuagana, na miwani, na mimi nilivyojibu tumeshazoea.

Ningeweza kusema hapana. Ni neno dogo, lilikuwa mdomoni. Lakini ningelisema, ningemvua nguo mtoto mbele ya wenzake wote, na kesho yake angerudi humo peke yake bila mimi.

Nikasema, "Ndiyo. Mimi ndiye ninayekaa naye."

Mwalimu akaniambia pole. Na darasa zima likaitikia kwa pamoja, vile wanavyoitikia salamu, pooole. Nami nikasema asanteni. Dada yangu, nilipokea pole ya msiba wako, na wewe uko hai, pengine saa ile ile unakunywa chai yako umesimama. Nisamehe. Nimelala na hilo neno, nimeamka nalo.

Tulirudi na mkokoteni. Mimi nasukuma, yeye ameshika jokofu lisiyumbe. Barabara ile ina mashimo, tulikuwa tunaambiana tu shika, taratibu, haya twende. Tulipofika karibu na duka la matairi akasimama. Akaniuliza kama nitakwambia. Nikasema huyu ni dada yangu na huyu ni mama yako, siwezi kukaa na jambo kama hili tumboni. Kisha akasema, "Andika. Usimwambie kwenye simu." Nikamuuliza kwa nini. Akasema kwenye simu mama atalia, na yeye atamsikia kupitia pazia. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Tukaegesha mkokoteni pembeni, tukakaa kwenye matairi mabovu, akaniambia yote. Maneno yalitoka kama maji ya bomba lililokauka siku nyingi, kwanza upepo, halafu tope, halafu maji yenyewe.

Alisema mwaka juzi aliwaambia wenzake mama anakuja mwisho wa mwaka. Hukuja. Mwaka jana akawaambia tena, maana na wewe ulimwambia tena, na safari hii alitaja mpaka lifti ya kioo. Hukuja. Ulikuwa na sababu, nilimweleza, kibali, likizo, mkataba, lakini watoto hawajui mkataba. Wakaanza kumwita mtoto wa mama wa kwenye simu. Wakawa wanaweka kiatu sikioni, wanasema haloo, mwanangu, nakuja, nakuja, network mbaya. Mwaka huu siku ya kwanza mwalimu mpya akamsimamisha kila mtoto aseme mzazi gani atakuja kwenye mkutano. Ilipofika zamu yake wengine walishaanza kushika viatu. Akasema mama yangu amekufa.

Alisema darasa lilinyamaza. Mwalimu akaja akamkumbatia, na mwalimu alikuwa ananukia sabuni. Walioshika viatu wakaviweka chini. Na tangu siku hiyo, mjomba, hakuna mtu aliyeniuliza tena anakuja lini. Ndivyo alivyosema, na alilisema kama mtu anayeeleza jinsi alivyopona ugonjwa.

Ila uwongo ule ulikuwa na masharti. Unamjua mwanao, hawezi kusema sentensi tatu bila wewe. Akitaka kujibu swali la mvua, unatokea wewe na mvua yako isiyo na kelele. Akitaka kusimulia kitu kwenye kikundi, lile neno mama anasema limeshafika mdomoni. Na maiti hasemi. Kwa hiyo akaona salama ni kufunga mdomo wote. Mwalimu anahangaika, mimi nahangaika na sehemu zinazopandiana, kumbe mtoto alikuwa amesimama mlangoni analinda usimtoke mdomoni.

Nikamuuliza, na Jumapili je? Mbona nyumbani hatuko darasani, kwa nini humtaki mama yako kwenye simu?

Hapo ndipo alipolia. Alisema anaogopa. Alitamka kitu kibaya kwa mdomo wake, na anaogopa kitakuwa kweli. Kila Jumapili anakaa karibu na simu tangu asubuhi, na mimi mjinga nilikuwa namwona, nadhani anacheza. Ikilia, nikisema haloo dada, anajua u hai, anaondoka haraka kabla hujamwita, kwa sababu hajui atakusalimu vipi wakati ameshakuzika. Zile Jumapili mbili ulizoshindwa kupiga, ulipobadilishiwa zamu, hakula. Nilidhani ni maharage yangu.

Sikumpiga, sikumgombeza. Ningemwambia nini? Nilimshika kichwa tu, nikaharibu kazi ya msusi. Bosi alitoka akatukuta tumekaa kwenye matairi, mtu mzima na mtoto, nyuso zimelowa, jokofu lake liko juani. Akaangalia, akarudi ndani bila neno, na bosi wetu si mtu wa kurudi bila neno.

Jumatatu yake nilikwenda kwa mwalimu kabla ya kengele. Chiriku alikubali niende, kwa sharti kwamba nimwambie mwalimu peke yake. Nilimweleza nimesimama, kiti nilikikataa. Alikaa yeye. Akasema, mimi mwalimu ndiye niliyemwacha asimame mbele ya darasa aseme habari za nyumbani kwao, ningemuuliza pembeni isingefika huku. Nikamwambia mwalimu, usijibebeshe wewe peke yako, mzigo huu una wabebaji wengi. Akasema hatamtangaza mtoto. Atakayesema ni mwenyewe, siku atakayoweza. Tangu hapo anamwita wakati wa mapumziko wapange vitabu pamoja, na anasema huko, wakiwa wawili, Chiriku anaongea. Amemweleza habari zako. Mwalimu anajua mpaka yule bibi wako.

Sasa, dada, nakuomba mambo, na unisikilize kama ulivyonisikiliza nilipokuwa mdogo wako wa kweli kweli, kabla sijanenepa. Viatu ulivyomwahidi usilete. Begi lenye magurudumu usilete. Kama mwisho wa mwaka huu huji, sema huji. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini neno la mbali linaua, mimi nimeliona. Mwambie sijui nitakuja lini. Atalia siku moja, halafu atakuwa na mama asiyejua, kuliko kuwa na mama anayekuja kila siku na hafiki. Najua na wewe ulikuwa unajidanganya pamoja naye. Najua tarehe zile ulikuwa unazihitaji wewe kuliko sisi, ili uweze kuamka uwaogeshe mama za watu.

Na sasa niseme langu, maana la mtoto nimelimaliza na hili limebaki kooni. Nilipojibu ndiyo darasani, nilikwambia ni kwa ajili ya kumkinga mtoto. Ni kweli, lakini si yote. Lilipotoka lile neno, mimi ndiye, nilisikia raha. Kidogo sana, lakini niliisikia. Mtu wa umri wangu, sina mke, sina mtoto, narudi nyumbani nanuka gesi, siku nyingine anayenisemesha kutwa nzima ni bosi na kompresa. Halafu nimesimama mbele ya watu nimevaa shati la buluu, ni kama naulizwa mtoto huyu ni wa nani, nasema wangu, na hakuna wa kunipinga. Aibu ilikuja baadaye, nilipoona raha yangu imeketi mahali pako. Dada, naogopa usiporudi, kwa sababu yake. Na ukirudi nitakuja kukupokea, nitabeba mizigo yote, nitacheka, kisha nitarudi kwenye chumba hiki ambacho kitakuwa kikubwa sana. Nimeona ulijue hilo kutoka kwangu mwenyewe, usije ukalisoma usoni mwangu siku hiyo.

Mkutano wa wazazi ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, asubuhi, na watoto wanakuwepo. Mwalimu ametoa wazo. Nikija, niweke simu yangu juu ya meza yake, na wewe uwe upande wa pili, uwasalimie watoto kwa sauti yako. Nilimwambia Chiriku. Akasema wakisikia watajua niliwadanganya. Nikasema ndiyo, watajua. Akauliza kama watacheka. Nikasema watacheka. Halafu? Nikasema halafu kengele italia, watakwenda kucheza. Akasema atafikiria. Bado anafikiria mpaka ninapoandika hapa. Yuko upande wa pili wa pazia, na nasikia hageuzi kurasa.

Basi asubuhi hiyo omba ruhusa, kaa na simu mkononi. Mimi nitakuwa kwenye kile kiti kidogo. Akiniambia piga, nitapiga, na wewe usilie, wasalimie tu, uwaambie habari za mvua. Asiponiambia, sitapiga. Utakaa, utangoja, simu haitalia, na asubuhi itapita hivyo. Usikasirike, na usipige wewe. Ujue tu kwamba bado hajawa tayari, na kwamba niko pale, nimekaa naye.

Pokea salamu za msusi, za bosi, na za mwalimu ambaye sasa anakuombea uhai. Chiriku hajanituma salamu, lakini nilipomwomba bahasha aliniletea mwenyewe, na stempu ameibandika yeye. Jitunze mgongo, dada. Kula ukiwa umekaa.

Ni mimi mdogo wako,
Bonge